Chenga za simu si punje za filamu: Jinsi ya kuokoa picha nyeusi na nyeupe Nakivale

KWA familia nyingi zilizokimbia vita, kitu pekee kilichobaki cha ndugu aliyefariki au aliyepotelea njiani ni picha moja ndani ya simu. Mara nyingi si picha nzuri. Ilipigwa usiku, kwa mwanga wa taa ndogo na simu ya bei nafuu, kisha ikarushwa kwa WhatsApp kutoka simu hadi simu mpaka ikachoka.

Siku ya matanga au ya kumbukumbu, picha hiyo hutakiwa kusafishwa ikiwa kubwa ili iwekwe mbele ya waombolezaji. Hapo ndipo taabu huanza. Uso uliokuwa ukionekana vizuri kwenye kioo kidogo cha simu hugeuka kuwa rundo la vitone vyekundu, vya kijani na vya bluu. Ushauri wa haraka ambao mteja hupewa ni ule ule: igeuze iwe nyeusi na nyeupe, huo uchafu utapotea.

Ushauri huo una ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Rangi za vitone hupotea kweli, ila vitone vyenyewe hubaki. Na fundi akivifuta kwa pupa, hufuta pamoja navyo mikunjo ya paji la uso, kovu la shavuni na kila alama ambayo mtoto alimtambulia mama yake. Makala haya yanaeleza vitone hivyo hutoka wapi, na jinsi ya kuvitawala bila kumpoteza mwenye picha.

Makazi makongwe, mwanga haba

Nakivale iko wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kilomita zipatazo 50 hadi 60 kutoka mjini Mbarara. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda walipokuwa wakihitaji mahali pa kuishi. Leo ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Yana watu zaidi ya 100,000, wakiwamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha, hasa waliotoka Kivu na Burundi.

Kwa mpiga picha, Nakivale ni mahali pagumu. Mchana jua la karibu na ikweta hupiga kutoka utosini, likiyaacha macho ndani ya kivuli cheusi huku mabati yakimeta. Ndani ya nyumba hali ni kinyume: kuta za udongo, dirisha dogo, mlango mmoja. Usiku wengi hutegemea taa ndogo za umeme wa jua au tochi ya simu. Misiba, arusi na ibada za jioni, yaani mambo ambayo watu wanataka zaidi kuyakumbuka, hutukia wakati mwanga ni mdogo kuliko wakati wowote.

Chenga ni nini hasa?

Wataalamu wa picha huviita vitone hivyo kelele. Lakini mtazamaji wa televisheni wa Afrika Mashariki ana neno lake tangu zamani: picha ikikosa nguvu ya mawimbi, husema ina chenga. Neno hilo linafaa, kwa sababu chanzo kinafanana. Habari ni chache kuliko vurugu.

Fikiria umepanga vikombe 100 uani, mvua ikaanza kunyesha. Yakidondoka manyunyu machache, kikombe kimoja kitapata matone 2, cha jirani 6, kingine hakipati kitu, ingawa wingu ni lile lile. Ikinyesha mvua kubwa kwa saa nzima, vikombe vyote vitakuwa karibu sawa.

Kihisi cha kamera ni uwanja wa vikombe vya namna hiyo, mamilioni kwa idadi, na mwanga ndio mvua yenyewe. Hesabu yake inajulikana: kikombe kikipokea chembe 100 za mwanga kwa wastani, kupishana kwa kawaida kati ya kikombe na kikombe ni kama 10, sawa na asilimia 10. Kikipokea chembe 10,000, kupishana ni kama 100, yaani asilimia 1 tu. Kwa hiyo mwanga ukiongezeka mara 100, chenga hupungua mara 10.

Hapo msomaji ataona kwa nini simu huumbuka usiku. Kihisi chake ni kidogo kuliko ukucha, na vikombe vyake ni vidogo mno. Mpigaji anapopandisha namba ya ISO, au simu inapoipandisha yenyewe, hakuna mvua inayoongezwa. Kinachofanyika ni kukuza kile kidogo kilichopatikana, pamoja na vurugu zake.

Ni vivyo hivyo unapopiga picha yenye giza kisha ukaiangaza baadaye kwa programu. Chenga zilizokuwa zimejificha kwenye weusi hutoka zote mbele ya watu.

Punje za wazee wetu

Wapo wanaosema chenga si tatizo, kwa kuwa hata picha za zamani zilikuwa na vitone na watu walizipenda. Wanachanganya vitu viwili.

Filamu nyeusi na nyeupe ilitengenezwa kwa chembe za chumvi ya fedha zilizotandazwa ndani ya utando. Filamu iliyokusudiwa kufanya kazi kwenye mwanga mdogo ilikuwa na chembe kubwa zaidi, ndiyo maana picha zake zilionekana kama zimenyunyiziwa mchanga laini. Filamu ya Tri-X ya Kodak, iliyoanza kutolewa kwa ukubwa wa milimita 35 mwaka 1954, ilipendwa na waandishi wa habari duniani kwa sababu hiyo: ilivumilia giza, na punje zake zilikuwa na sura ya kupendeza.

Tofauti ni hizi. Punje za filamu hazikupangwa kwa mistari, na hazilingani kwa ukubwa wala umbo. Chenga za kamera za kidijitali zimekaa kwenye miraba iliyopangwa kama vigae. Punje huonekana zaidi kwenye sehemu za kijivu cha kati, kama shavu au ukuta, na weusi hubaki mweusi. Chenga hujazana kwenye vivuli, pale hasa ambapo jicho linataka kupumzika. Mama yeyote anayepepeta mchele anajua kutofautisha punje nzima na chenga, na picha nayo inahitaji jicho hilo hilo.

Mbarara ina ushahidi wake wa punje nzuri. Musa Katuramu, aliyekuwa seremala na mwalimu, alipiga picha za watu wa Mbarara na Ankole kuanzia miaka ya 1930, na familia yake ikazihifadhi negativu hizo. Zilikuja kujulikana kupitia mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na msanii Mholanzi Andrea Stultiens pamoja na mpiga picha wa Uganda Canon Rumanzi. Baadhi zilitolewa katika kitabu cha People Poses Places, kimoja cha mfululizo unaoitwa Ebifananyi, neno la Kiganda lenye maana ya picha.

Mfano mwingine ni negativu zipatazo 70,000 za enzi ya Rais Idi Amin zilizokutwa katika Shirika la Utangazaji la Uganda, ambazo sehemu yake ilionyeshwa Makumbusho ya Taifa mjini Kampala mwaka 2019. Anayetazama picha za namna hiyo haulizi kwa nini zina vitone. Anatazama nyuso.

Kwa nini kuondoa rangi kunaweza kuharibu

Kihisi cha kamera kwa asili yake hakioni rangi. Huona kwa msaada wa vioo vidogo vya rangi vilivyowekwa juu ya kila kikombe, mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza nchini Marekani mwaka 1976. Nusu ya vikombe huona kijani, robo nyekundu, na robo bluu. Kila picha ya rangi, basi, ni matabaka matatu yaliyolaliana, na matabaka hayo hayalingani kwa usafi.

Chini ya kibatari, mshumaa au balbu ya njano, mwanga wa bluu ni kidogo sana. Tabaka la bluu hubaki na njaa, nalo ndilo hujaa chenga. Tabaka la nyekundu huwa limeshiba. Ngozi nyeusi nayo hurudisha mwanga mwekundu zaidi kuliko wa bluu, hivyo uso wa Mwafrika uliopigwa kwa kibatari huwa safi zaidi katika tabaka la nyekundu.

Sasa, programu inapoondoa rangi hufanya nini? Njia ya kawaida huchanganya takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu. Hiyo si mbaya. Lakini zipo programu zinazochukua theluthi kwa theluthi, na hapo tabaka bovu la bluu hupewa kura sawa na yale mazima. Chenga zilizokuwa vitone vya rangi sasa ni vitone vya kijivu, na haziwezi tena kutambulika kwa rangi yake ili ziondolewe.

Dawa ni kuchagua mwenyewe. Programu ya GIMP, ambayo hutolewa bure kwa kompyuta, inaruhusu kuyatazama matabaka matatu moja moja na kuyachanganya kwa kiasi unachotaka. Kwenye simu, Snapseed ina sehemu ya picha nyeusi na nyeupe yenye filta za rangi, ikiwamo nyekundu, inayofanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Hata hivyo, usikariri kwamba nyekundu ndiyo bora daima. Taa nyingi za sola hutoa mwanga mweupe wenye ubluu, na hapo kijani huweza kuwa safi zaidi. Tazama tabaka moja moja kwanza, kisha uamue.

Na kuna mtego mmoja wa mchana. Wapiga picha wa mandhari hupenda kuligeuza anga la juu ya Ziwa Nakivale liwe jeusi la kutisha, mawingu yawe meupe pe. Hufanya hivyo kwa kutumia tabaka la nyekundu pekee, au kwa kuididimiza bluu mpaka chini. Lakini anga la bluu lina nyekundu kidogo mno, kwa hiyo anga hilo jeusi limejengwa kwa tabaka lenye njaa. Matokeo yake ni chenga tele, na kwa picha za JPEG huongezeka vibonge vya miraba vinavyotokana na kubanwa kwa faili. Punguza bluu kwa kiasi, usiiue.

Kazi huanza kabla ya kubonyeza

Hakuna programu inayoshinda mwanga. Mpiga picha wa Nakivale asiye na taa za studio anayo studio mlangoni. Mwambie mzee akae hatua moja ndani ya nyumba, akitazama nje. Mwanga laini wa mlangoni utamjaa usoni, nyuma yake kutakuwa na giza tulivu, na simu haitahitaji kupandisha ISO. Kosa linaloonekana kila siku ni kumsimamisha mtu akiupa mlango mgongo: simu inaona mwangaza wa nje, inapunguza mwanga, na uso unazama gizani.

Gusa uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, kisha ongeza mwangaza kidogo, ukichunga paji la uso lisiungue likawa jeupe tupu. Futa lenzi kwa kitambaa safi, kwa kuwa vumbi la Isingiro na mafuta ya vidole husambaza mwanga na kuifanya picha iwe na ukungu. Sogea karibu badala ya kuvuta kwa vidole, maana kuvuta huko katika simu nyingi ni kukata kipande cha picha na kukikuza.

Usiku, tumia hali ya usiku kama simu inayo. Hali hiyo hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha. Kwa hesabu ile ile ya vikombe, picha 16 zikiunganishwa chenga hupungua mara 4. Sharti ni simu iegemezwe mahali imara na anayepigwa atulie tuli, kama walivyotulia babu zetu mbele ya kamera za miguu mitatu.

Mpangilio wa kazi mezani

Picha ikishapatikana, utaratibu ni huu, na kila hatua ina sababu yake.

Kwanza, hifadhi nakala halisi bila kuigusa. Kama inatoka kwa ndugu aliye mbali, mwombe aitume kama hati badala ya kuituma kama picha, ili WhatsApp isiibane.

Pili, ondoa chenga za rangi picha ikiwa bado ya rangi. Jicho halioni sana maelezo madogo ya rangi, kwa hiyo hapo unaweza kufuta kwa nguvu bila kuumiza uso. Chenga za mwanga, yaani zile za kijivu, ziguse kidogo sana.

Tatu, geuza iwe nyeusi na nyeupe kwa kuchagua matabaka safi. Nne, rekebisha weusi na weupe. Vivuli vilivyojaa chenga ambavyo havina habari yoyote ndani yake, kama kona ya chumba, viache vizame kwenye weusi. Picha nyeusi na nyeupe ina ruhusa hiyo ambayo picha ya rangi haina.

Tano, ipunguze picha ifikie ukubwa wa kuchapishwa. Picha ya inchi 4 kwa 6 kwenye maabara nyingi huhitaji nukta 1,200 kwa 1,800, sawa na milioni 2 na kidogo. Simu ya megapikseli 12 ina nukta mara 6 ya hizo, kwa hiyo nukta 6 huungana kuwa 1 na chenga hupungua, kwa hesabu, zaidi ya mara 2. Ndiyo maana picha ile ile huwa safi ikiwa ndogo na chafu ikiwa bango. Familia ikiomba ukubwa ambao picha haiubebi, mweleze mwenye msiba mapema, kabla hajalipa.

Sita, noa kidogo. Saba, na ya mwisho, ongeza punje.

Punje ziwe kama chumvi

Wapo watakaoshangaa: tumehangaika kuondoa vitone, sasa tunaviongeza? Ndiyo, na sababu zipo.

Simu za kisasa hufuta chenga zenyewe kabla hata hujaiona picha, na huacha ngozi laini kama nta ya mshumaa. Punje nyembamba, zilizotawanywa sawasawa picha nzima, humrudishia mtu ngozi machoni pa mtazamaji. Pia huficha ile mipaka ya ngazi inayojitokeza kwenye ukuta au anga, kwa kuwa picha ya kijivu ya JPEG ina ngazi 256 tu kutoka mweusi hadi mweupe. Na huunganisha sehemu safi na sehemu yenye chenga zikawa kitambaa kimoja.

Punje hizo ziwe za kijivu, zisiwe za rangi. Zilainishwe kidogo ili zisikae kama vigae, na zizidi kwenye kijivu cha kati kuliko kwenye weusi. Ziongezwe mwisho, kwenye ukubwa wa kuchapishwa, kwani ukizitangulia utazipoteza unapopunguza picha. Hukumu yake itolewe kwenye karatasi. Kioo cha simu hudanganya, na karatasi ya gazeti humeza punje nyembamba zote. Kabla ya kusafisha nakala 20 mjini Mbarara, safisha 1 ndogo ya majaribio, itazame kwa umbali wa mkono.

Uso usio wa mtu

Limebaki jambo zito zaidi. Miaka ya karibuni zimekuja programu za akili bandia zinazodai kuifufua picha yoyote mbovu kwa kubonyeza mara moja. Nyingi kati yake haziondoi chenga. Huchora uso mpya kwa kukisia, kutokana na maelfu ya nyuso nyingine zilizofundishwa. Kope zinatokea, meno yananyooka, kovu linatoweka. Picha inapendeza, lakini aliyemo si yule.

Kwa tangazo la biashara huenda hilo lisiwe na neno. Kwa marehemu ni jambo jingine, na kwa aliyepotea ni hatari. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, picha za watoto waliotengana na wazazi zilibandikwa kwenye kambi za wakimbizi ili jamaa wawatambue. Picha za namna hiyo zilifaa kwa sababu zilikuwa za kweli, hata kama hazikuwa nzuri. Jamaa hutambua sikio, pengo, alama ya chanjo au ya ndui. Picha ya kutafutia mtu isilainishwe, isichorwe upya, na ibaki na rangi zake kama inazo.

Fundi mwenye kibanda cha picha Nakivale au Mbarara, basi, ana dhamana kubwa kuliko bei anayotoza. Anayemletea simu yenye picha ya chenga anamkabidhi pengine kumbukumbu ya mwisho ya ukoo. Heri ampe uso wenye vitone ambao watoto wataujua, kuliko uso safi ambao hakuna atakayeuitikia.